Injini ndogo, maandalizi ya saa tatu: siku moja kwenye reli ya Romney

Swali: "Mimi ni dereva wa basi, mwaka wa kumi na sita sasa. Nimetazama video ya reli moja ndogo ya Kent, Uingereza, inayoitwa Romney, Hythe & Dymchurch. Injini inamfikia mtu mzima kifuani, na dereva yuko peke yake ndani. Wanasema anafika kazini saa tatu kabla ya safari ya kwanza. Mimi basi la abiria sitini nalikagua na kuliwasha kwa dakika ishirini. Anafanya nini muda wote huo? Ule moshi ni wa kweli au kuna mota imefichwa? Na jioni anazima tu na kwenda zake kama mimi?"

Ndugu dereva, nianze na moshi kwa sababu ndilo swali jepesi. Moshi ni wa kweli, moto ni wa kweli, na hakuna mota iliyofichwa popote. Ndani ya boila kuna maji yanayochemshwa na moto, mvuke wake unasukuma pistoni, na pistoni zinazungusha magurudumu. Reli hiyo inazo pia injini mbili za dizeli za kuvuta abiria, lakini hizo hazijifichi: zina umbo la dizeli na sauti ya dizeli.

Kuhusu zile saa tatu, jibu langu fupi ni kwamba udogo wa injini haukupunguza kazi hata moja. Ulichopunguza ni akiba. Maji ni machache, moto ni mdogo, nafasi ya kukosea ni finyu, na aliye kazini ni mtu mmoja mahali ambapo treni kubwa ya mvuke ilikuwa na wawili. Kwa hiyo kila kinachoweza kufanywa kabla treni haijaondoka hufanywa kabla, ili dereva akishaingia njiani macho yake yabaki mbele. Wewe ni dereva, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu yale ambayo abiria hawayaoni.

Kwanza tuiondoe fikra ya kitu cha kuchezea. Nchini Uingereza, kanuni za usalama wa reli huanza kuihesabu njia kuwa reli pale upana kati ya vyuma viwili unapofika milimita 350. Romney ina milimita 381, yaani inchi 15. Imevuka mpaka huo kwa sentimita tatu tu, na kwa sentimita hizo tatu iko chini ya msimamizi yuleyule anayekagua treni kubwa za nchi. Ilijengwa kwa amri ya reli nyepesi ya mwaka 1926, ikafunguliwa tarehe 16 Julai 1927 kutoka Hythe hadi New Romney, na mwaka uliofuata ikafika Dungeness. Njia nzima ni kama kilomita 21.7. Watu wameitumia kwenda sokoni, na kwa miaka mingi watoto walipanda treni maalumu ya shule, mpaka ilipositishwa mwaka 2015.

Hata zile inchi 15 hazikuokotwa. Mwingereza mmoja, Sir Arthur Heywood, alianza mwaka 1874 kujenga reli katika shamba lake la Duffield Bank, karibu na Derby. Alikuwa ameshajaribu reli ya inchi 9 na kuona inayumba. Hitimisho lake lilikuwa kwamba inchi 15 ndizo za chini kabisa zinazoweza kubeba watu na mizigo bila wasiwasi wa kupinduka. Njia nyingi ndogo za aina hii zilizokuja baadaye zilimfuata yeye.

Walioanzisha Romney nao walikuwa madereva kama wewe, ila wa magari ya mashindano. Count Louis Zborowski aliagiza injini mbili kwa kampuni ya Davey Paxman ya Colchester, zikiwa zimechorwa na mhandisi Henry Greenly. Kabla hazijamfikia, alikufa akishindana Monza, Italia, Oktoba 1924. Rafiki yake, Captain J. E. P. Howey, alizichukua injini hizo na kuzitafutia njia, akaipata kwenye nchi tambarare ya Romney Marsh, kando ya bahari. Agosti 1926, hata kabla reli haijafunguliwa rasmi, Duke of York, yule aliyekuja kuwa Mfalme George VI, alifika na kuendesha treni kwa mikono yake. Injini hizo mbili za kwanza, Green Goddess na Northern Chief, zingali zinavuta abiria. Kila ninapozitaja najisikia faraja, kwa kuwa ni vyombo vya mwaka 1925 ambavyo havijawa mapambo ya makumbusho.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo inayofungua swali lako. Greenly alizifuata injini kubwa za mwendo kasi za enzi zake, zile za mhandisi Nigel Gresley, akazipunguza hadi theluthi moja. Reli yenyewe ni ndogo zaidi ya hapo, karibu robo ya reli ya kawaida ya Uingereza, ndiyo maana injini inaonekana imejaa juu ya vyuma vyake. Ukiligawa boila kwa tatu katika urefu, upana na kimo, maji yaliyomo yanabaki sehemu moja ya 27. Lakini ngozi ya nje, inayopoteza joto, inabaki sehemu moja ya 9. Maana yake kila lita ya maji katika boila dogo inapoteza joto mara tatu zaidi ya lita katika boila kubwa. Injini ndogo hupata moto upesi, na hupoa upesi. Ukiisahau kidogo, inakusahau.

Tazama na magurudumu. Yale yanayosukumwa na pistoni yana kipenyo cha takriban sentimita 65. Kikomo cha mwendo ni kilomita 40 kwa saa, ambacho kwako wewe ni mwendo wa kuingia mjini. Lakini kwa mwendo huo gurudumu hilo linazunguka zaidi ya mara tano kila sekunde. Ili magurudumu ya injini kubwa ya Gresley, yenye kipenyo cha zaidi ya mita mbili, yazunguke kwa idadi hiyo, treni ingebidi ikimbie karibu kilomita 125 kwa saa. Kwa hiyo abiria anaona treni ndogo inatembea taratibu kando ya mashamba, na huku beringi, pini na fimbo zake zinaishi maisha ya treni ya mwendo kasi. Kutoka Hythe hadi Dungeness kila gurudumu kubwa linazunguka zaidi ya mara elfu kumi, kwenda tu. Pini isiyopata oili asubuhi haitavumilia mpaka mchana.

Turudi bandani alfajiri. Dereva anapofika, injini imelala na mara nyingi bado ina uvuguvugu wa jana. Kitu cha kwanza anachokitazama ni kioo cha maji, ule mrija wa kioo uliosimama ndani ya kibanda unaoonyesha maji ndani ya boila yamefika wapi. Hatazami tu, anazifungua koki zake ili ajue kwamba anachokiona ni maji yenyewe na si uchafu ulioziba mrija. Hilo hutangulia yote, kabla ya makaa na kabla ya kiberiti. Sababu yake ni nzito. Dari la tanuri limezungukwa na maji upande wa juu, na chini yake kuna moto wa zaidi ya nyuzi elfu moja. Maji ndiyo yanayolipoza lile bati. Yakishuka chini ya dari, chuma kinalainika, na presha iliyo juu yake inakisukuma ndani. Kama kinga ya mwisho, kwenye dari huwekwa plagi yenye madini ya risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 327. Maji yakikauka, risasi inayeyuka na mvuke unamwagikia moto. Dereva mwenye heshima yake hafanyi kazi akiitegemea plagi hiyo. Kuyeyusha plagi ni aibu inayokumbukwa bandani kwa miaka.

Baada ya maji, usafi. Anafungua mlango wa mbele wa injini, kwenye chumba cha moshi, na kutoa masizi na vumbi la makaa. Kisha anapitisha brashi ndefu katika mirija ya moto, ile inayopitisha moshi wa tanuri katikati ya maji ya boila, mmoja baada ya mwingine. Hapa udogo unaleta adhabu. Mirija haiwezi kupunguzwa hadi theluthi kama vitu vingine, kwa sababu moshi na masizi havijapungua pamoja nayo: chembe ya jivu ni ileile, injini iwe kubwa au ndogo. Mirija myembamba mno ingeziba kabla ya saa sita. Kwa hiyo mchoraji huweka mirija michache iliyo minene kuliko vipimo vinavyodai, na bado inahitaji kusafishwa kila siku. Mrija mmoja ulioziba katika injini kubwa hausikiki. Kwenye injini ndogo, mitatu ikiziba, dereva ataona geji ya presha inalegea mchana kutwa asijue kwa nini.

Anakung'uta chanja la moto, anaondoa vigaga vya majivu yaliyoyeyuka na kugandamana, anatoa majivu kwenye sinia la chini. Ndipo anaweka vijiti, matambara yenye mafuta na makaa kidogo, na kuwasha. Kuanzia hapo hana haki ya kuharakisha. Boila ni chuma, na chuma kikipata moto kinatanuka. Sehemu moja ikitanuka haraka kuliko jirani yake, maungio yanaanza kuvuja. Injini ndogo ingeweza kupandishwa presha kwa muda mfupi sana kama mtu angetaka, na wapo waliofanya hivyo kwenye injini za kila namna na kuzilipia karakana gharama kubwa. Moto mpole, subira, na kusikiliza. Ile sauti ya maji yanayoanza kunong'ona ndani ya boila ni sauti ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii.

Muda huo wa kungoja ndio muda wa oili. Dereva anaizunguka injini na kopo lenye mdomo mrefu, anaingiza mkono katikati ya fimbo, anapiga magoti kuangalia chini. Wakati huohuo ndio anaokagua: boliti iliyolegea, springi iliyopasuka, pini iliyotoka, alama ya joto kwenye beringi. Wewe unapozunguka basi ukigonga matairi unafanya jambo hilihili. Tofauti ni kwamba hapa mkono unaotia oili ndio unaogusa kila kiungo, kwa hiyo ukaguzi na ulainishaji ni tendo moja, na hakuna kiungo kinachorukwa.

Presha ikipanda, anajaribu injekta zote mbili. Kifaa hiki alikibuni Mfaransa Henri Giffard mwaka 1858, na mimi mpaka leo hakiishi kunishangaza. Kinachukua mvuke wa boila na kuutumia kusukuma maji ndani ya boila hilohilo, dhidi ya presha yake yenyewe, bila pampu na bila kitu kinachozunguka. Siri ni kwamba mvuke unapopita kwenye tundu jembamba unapata kasi kubwa. Ukikutana na maji baridi unageuka maji palepale, lakini kasi inabaki, na maji yenye kasi hiyo yanaifungua valvu na kuingia. Maji ya kwenye tenda, lile behewa dogo la maji na makaa nyuma ya injini, yakipata joto, mvuke haugeuki maji vizuri na injekta inakataa. Ndiyo maana zinajaribiwa bandani. Presha ya kazi kwenye injini hizi ni kama baa 12, na maji yaliyomo ndani yana joto la karibu nyuzi 190. Huko njiani si mahali pa kugundua kwamba huwezi kuongeza maji.

Umeona jinsi saa tatu zilivyokwisha. Na bado hajaigeuza injini, hajaiunganisha na mabehewa, wala hajajaribu breki pamoja na gadi, yaani msimamizi wa treni, behewa la mwisho likiwemo.

Njiani sasa. Kwenye injini kubwa ya mvuke kuna dereva upande mmoja na mtia makaa upande wa pili. Huyu anaangalia njia, yule anaangalia moto na maji, kisha wanasemezana. Kwenye Romney kazi hizo mbili zimo ndani ya kichwa kimoja. Dereva anakaa chini, tenda ikiwa mgongoni mwake na mlango wa tanuri ukiwa mbele ya magoti yake, na koleo lake ni fupi. Akitaka kutia makaa lazima ayatoe macho kwenye reli. Kwa maoni yangu, ustadi wote wa dereva wa reli hii uko katika kujua ni sekunde zipi za kufanya hivyo. Moto hujengwa stesheni, treni ikiwa imesimama. Njiani huongezwa kidogo kidogo, pale tu ambapo njia mbele ni nyeupe na hakuna makutano na barabara. Mwanafunzi hutia makaa pale moto unapoomba. Fundi amekwisha kutia kabla moto haujaomba, kwa kuwa anajua baada ya daraja lile kuna makutano matatu mfululizo na hatapata nafasi.

Injini yenyewe humsaidia kwa namna nzuri sana. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hautupwi ovyo. Unapigwa kupitia dohani, na unapotoka unavuta hewa kupitia moto. Kadiri injini inavyovuta kwa nguvu, ndivyo moto unavyopuliziwa zaidi, na mvuke zaidi unazaliwa. Lakini dereva akifunga mvuke ghafla, ule mvuto unakufa na miali inaweza kurudi nyuma kupitia mlango wa tanuri, kwenye miguu yake. Kwa hiyo kabla ya kufunga anafungua kwanza kipulizio, bomba dogo la mvuke linaloendeleza mvuto ndani ya dohani. Anayefanya kazi peke yake anaufanya utaratibu huo kila stesheni, kila mara, hadi mkono unafanya wenyewe.

Nchi ni tambarare, kwa hiyo utadhani hakuna kupanda mlima. Upo mlima mmoja, nao ni upepo. Ukanda ule uko wazi kwa bahari, na kule Dungeness hakuna miti ya maana, ni uwanja wa kokoto za pwani hadi kwenye minara ya taa na kile kituo cha zamani cha nyuklia. Treni ndefu ya mabehewa mepesi ikipigwa na upepo wa mbele inakuwa nzito kama imeongezewa mzigo. Dereva hutazama mawingu na bendera kabla ya kuamua moto wake uwe mzito kiasi gani. Chumvi nayo hula kila chuma kisichopakwa rangi wala mafuta.

Kuhusu makutano na barabara nitasema wazi, kwa sababu ndiyo hatari kubwa kuliko boila. Mwaka 2003, na tena 2005, dereva wa treni alipoteza maisha kwenye reli hii baada ya gari kuingia kwenye makutano treni ikipita. Katika mgongano wa namna hiyo, udogo wa treni haumlindi mtu. Dereva ameketi usawa wa bampa la gari. Baadaye makutano mengi yakawekewa vizuizi. Ukifika pale siku moja ukaona taa nyekundu mbele ya kitreni kinachofika kifuani, simama kama ungesimama mbele ya treni ya tani elfu. Nawaambia hivi madereva wenzako wote.

Mpangilio wa njia nao unastahili maneno machache. Kati ya Hythe na New Romney kuna njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kutoka New Romney kwenda Dungeness imebaki njia moja, kwa sababu baada ya vita kuu ya pili, ambapo jeshi liliitwaa reli na hata kuitengenezea treni ya deraya iliyovutwa na Hercules, kipande hicho kilirudishwa kwa njia moja tu. Mwaka 1947 wachekeshaji Laurel na Hardy ndio waliokifungua upya. Treni mbili zinazoelekeana zinapishana Romney Sands, na hakuna dereva anayeingia njia moja bila ruhusa. Kule mwisho, Dungeness, reli inazunguka kama kitanzi: treni inaingia ikitazama bahari na kutoka ikiwa imegeuka, bila kufungua behewa hata moja. Hythe hakuna kitanzi. Injini inafunguliwa, inapelekwa kwenye meza ya kugeuzia, inasukumwa kwa mikono mpaka itazame upande wa pili, kisha inazunguka na kuunganishwa upande mwingine wa treni. Huku abiria wakipiga picha, dereva yuko chini anagusa beringi kwa kiganja cha mkono, ipi imepata joto na ipi ni salama.

Huenda utauliza kama injini zote zinafanana. Hapana, na dereva hapewi ruhusa ya zote siku moja. Za mvuke ziko 11. Green Goddess, Northern Chief na Southern Maid ni ndugu wa tumbo moja. Typhoon na Hurricane za mwaka 1927 zilizaliwa na silinda tatu kila moja, kisha zikapunguzwa kuwa mbili, na mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi: silinda ya tatu iko katikati, mahali ambapo mkono wenye kopo la oili hauingii kwa urahisi, na nimeshakueleza oili maana yake nini hapa. Hercules na Samson zina magurudumu madogo manane ya kuvutia, kwa sababu zilikusudiwa mizigo mizito. Winston Churchill na Doctor Syn, zilizojengwa na Yorkshire Engine Company mwaka 1931, zilifuata sura ya injini za Kanada, na vibanda vyake vinamfunika dereva vizuri kuliko zile za Kiingereza. Siku ya mvua baridi ya bahari, hilo si jambo dogo. Black Prince ni Mjerumani, ilijengwa na Krupp mwaka 1937, ikaja Romney miaka ya 1970. Na ile ndogo kuliko zote, The Bug, ilitengenezwa na Krauss wa Munich mwaka 1926 na kutumika kuijenga reli yenyewe. Ikauzwa, ikaishia Belfast kwenye vyuma chakavu, ikaokolewa na kurudi nyumbani.

Zile dizeli mbili, moja ya mwaka 1983 iliyoanza kwa jina la John Southland na Captain Howey ya 1989, huwashwa kama basi lako. Wapenzi wengine wa mvuke huzisema vibaya. Mimi siwaungi mkono. Dizeli inayotoka bandani kwa dakika chache ndiyo iliyorahisisha usafiri wa watoto wa shule asubuhi za baridi, na ndiyo inayokuja kumvuta mwenzake wa mvuke akikwama.

Kuna tatizo jipya ambalo reli zote za mvuke za Uingereza zinalo, nalo ni makaa. Injini hizi zilizoea makaa ya Wales, yanayowaka kwa joto kali na moshi kidogo. Mgodi wa Ffos-y-fran ulipofungwa mwishoni mwa 2023, chanzo kikubwa kilikatika, na reli nyingi zimegeukia makaa ya kuagiza nje na matofali ya makaa yaliyotengenezwa kiwandani. Kila aina ina tabia yake: moja inaacha vigaga vingi, nyingine inachelewa kushika. Katika tanuri kubwa unaweza kufidia. Katika tanuri la theluthi, dereva anajifunza upya unene wa moto wake.

Sasa lile la jioni. Hapana, hazimi na kwenda zake, kwa sababu hakuna swichi. Moto anauacha upungue katika safari ya mwisho, kwa hesabu, ili afike bandani akiwa na presha ya kutosha kuingia na si zaidi. Anajaza boila mpaka juu ya kioo, kwa kuwa maji yatakapopoa yatasinyaa na kiwango kitashuka usiku. Anatoa moto au anauacha ufe, anaondoa majivu, anafunga vilango vya hewa na kufunika dohani ili hewa baridi isipite kwenye mirija yenye joto. Baada ya siku kadhaa za kazi, injini hupumzishwa, maji yote hutolewa, na boila huoshwa ndani kuondoa magamba ya chokaa. Kila kipindi mkaguzi huja kulichunguza boila kwa mujibu wa kanuni za mitambo ya presha za mwaka 2000, na hakuna anayeweza kumwambia apite haraka kwa kuwa boila ni dogo.

Ukiniuliza kama wewe, na miaka yako kumi na sita ya basi, ungeweza kazi hii, nadhani ungeweza, lakini hungeanzia kwenye kiti cha dereva. Ungeanza na matambara, ukifuta mafuta na masizi kwenye fimbo mpaka uzijue bila kuziangalia. Kisha kuwasha moto chini ya jicho la mwingine. Kisha injini moja, safari kwa safari, ukiwa na mwalimu. Njia unajifunza kwa kupita: kila makutano, kila kona yenye ukungu, kila mahali pa kufunga mvuke.

Na kitu cha mwisho anachofanya dereva kabla ya kuvua ovaroli ni kuandika kwenye daftari la injini. Injekta ya kushoto ilisita baada ya Dymchurch. Beringi ya gurudumu la pili kulia ilipata joto kidogo. Anaandika hata kama ni usiku na amechoka, kwa maneno machache yasiyo na shaka. Kesho yake alfajiri, mwenzake atausoma mstari huo kwanza, ndipo aende kwenye kioo cha maji.